Mwanga Mwekundu Stooni

Mji wote ulimwita Mama Irungu. Watu waliotumwa betri walimwita Mama Irungu, wazee wa kanisa walimwita Mama Irungu, hata watu wa boda waliokuja kutafuta balbu za pikipiki walimwita hivyo. Ekeno peke yake ndiye aliyemwita Njambi, na Akidor, mke wa Ekeno, alikuwa amelisikia jina hilo nyumbani kwake mara nyingi kuliko alivyopenda.

"Njambi amepata zile waya za pampu ya Rapsu." "Njambi anasema hizi betri mpya hazimalizi mwaka." Alikuwa akiyasema hayo huku anakula, bila kuinua macho, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Kwa kweli ilikuwa lazima amtaje. Ekeno alikuwa fundi wa pampu za sola. Wiki hii yuko Rapsu kwa watu wa mashamba, wiki ijayo yuko Biliqo au Garbatulla ambako kisima kimenyamaza na ng'ombe wamesimama wakilia. Vifaa vyake vyote alivitoa katika duka la Njambi, lililoachwa na marehemu mumewe Ndegwa. Akidor alilijua hilo. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kusikia mumeo akilitaja jina la mwanamke mwingine bila kuliwekea "mama" mbele ni kitu kingine.

Hakuwa mtu wa kugomba. Alikuwa fundi wa nguo, anashona sare za shule katika kibanda mbele ya nyumba walimoishi na binti yao Jane huko Kiwanjani, na mtu ambaye kutwa ana pini mdomoni hujifunza kunyamaza.

Jioni moja Ekeno alirudi akiwa na habari, na Akidor aliona kutoka mlangoni kwamba ni habari inayomwogopesha kuisema.

"Nimeitwa kazi Loiyangalani," alisema. "Kuna watu wanahesabu samaki wa ziwa. Wanatumia boti ya tanga kwa sababu injini inasumbua mashine yao. Mimi ni wa kuangalia betri na hizo mashine. Wiki chache tu."

Akidor aliendelea kupakua chakula.

"Wanatembea usiku," Ekeno aliongeza polepole. "Samaki wanapanda juu usiku."

"Ni sawa," Akidor alisema.

Hakusema zaidi, na Ekeno hakuuliza. Tangu waoane, ziwa halikutajwa katika nyumba ile. Akidor alizaliwa Loiyangalani, akakulia ndani ya boti ya tanga ya baba yake, mpaka usiku ule ziwa lilipomchukua kaka yake Ewesit. Baada ya hapo baba aliuza tanga na Akidor akaletwa Isiolo kwa shangazi. Ekeno alizaliwa hapa hapa mjini. Maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya Ewaso Nyiro ikifurika, na hata kuogelea hakujua.

Siku chache baadaye Akidor alipeleka sare kwa mteja upande wa stendi. Aliporudi aliona pikipiki ya Ekeno imeegeshwa nje ya duka la Njambi. Jua lilikuwa utosini. Akafikiri atamwomba amfikishe nyumbani, akaingia.

Kaunta ilikuwa tupu. Feni ilizunguka peke yake juu ya makatoni. Nyuma kulikuwa na mlango wa stoo, umefungwa, na gunia limesukumwa chini yake kwa ndani kuziba uwazi. Upande mmoja gunia halikufika vizuri, na hapo palipenya mwanga mwembamba mwekundu. Kisha akasikia kicheko. Kilikuwa cha mumewe, kile cha chini cha tumboni ambacho hakuwa amekisikia tangu mvua zilizopita.

Akidor alisukuma mlango. Gunia lilikwama kidogo, likaachia.

Mchana wote ukaingia pamoja naye. Ekeno na Njambi walikuwa wameketi kwenye mifuko ya saruji, wanatazamana, kila mmoja amevaa tochi kichwani. Njambi alijifunika macho kwa viganja.

"Funga, tafadhali," alisema. "Umetuharibia macho. Tumekaa kwa giza muda mrefu tukiyangoja yazoee."

Halafu alishusha viganja, akaona ni nani. "Oh, Mama Jane. Karibu."

Akidor aliufunga mlango kama alivyoombwa. Ila aliufunga akiwa upande wa nje, akatoka dukani, akaenda nyumbani kwa miguu.

Ekeno alimkuta kwenye cherehani. Alikuja amebeba tochi katika kikasha chake na maelezo mengi.

"Mama Jane, sikiza. Nimeambiwa kila mtu aje na tochi yake ya kichwa, na isiwe tochi ya kawaida. Jicho la mtu linachukua karibu nusu saa kuzoea giza. Ukiwasha taa nyeupe hata kidogo tu, inaharibika yote, unaanza upya. Mwanga mwekundu ukiwa hafifu hauharibu sana. Sasa hiyo huwezi kujaribu kwa jua, lazima uingie mahali pa giza. Ndiyo tukafunga mlango."

"Nani amekuambia hayo?"

"Njambi. Alisoma kwa simu akanipangia zote, tukaanza kujaribu moja moja."

Akidor alikanyaga pedali ya cherehani. Alikuwa amejiandaa kusikia uongo, na kwa uongo angejua la kufanya. Alichosikia ni kweli tupu, tena kweli aliyoijua yeye kabla ya kujua kusoma. Baba yake hakuwaruhusu kutazama moto wa jikoni jioni ya kuingia majini. Aliwaketisha ufukweni, wameupa mgongo mji, mpaka macho yao yafunguke na waone ukingo wa kisiwa pale ambapo wageni waliona weusi tu. Na sasa mume wake, aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, alikuwa amekwenda kufundishwa hayo na mwanamke kutoka Nyeri aliyeyasoma kwenye simu.

"Ni tochi nzuri," alisema.

Jumapili kanisani Njambi alisoma somo la kwanza. Akidor alitazama nguo yake. Ilikuwa ya kijani, imeshonwa kwingine, na pindo lake la chini lilikuwa limekwenda upande. Akalitazama pindo lile mpaka somo likaisha, na hakusikia hata neno moja. Alihesabu, bila kutaka, ni mara ngapi Ekeno aliinua kichwa. Kila mtu alikuwa ameinua kichwa, kwa sababu kulikuwa na mtu anasoma. Lakini wivu haufanyi hesabu za namna hiyo.

Alasiri ile Ekeno alipokwenda mazoezi ya kwaya, Akidor aliufungua mkoba wa safari wa mumewe, akaitoa tochi. Alijiambia anataka tu kuona. Aliingia chumba cha kulala, akafunga dirisha, akajitupia blanketi, akaketi humo gizani akisubiri macho yake. Yalipozoea, alibonyeza.

Mwanga mweupe ulimlipukia usoni. Akabonyeza tena, ukaja mweupe mwingine uliopungua. Mara ya tatu ndipo mwekundu ukatokea, na kwa wakati huo alikuwa haoni kitu isipokuwa madoa ya kijani yanayoelea.

Alijaribu tena na tena. Tochi ilikuwa na kitufe kimoja tu. Ukiizima na kuiwasha papo hapo, ilirudi kwenye mwekundu. Bila shaka ndivyo walivyoijaribu stooni. Lakini ikikaa imezimwa muda kidogo, ilianza upya, na ilianza na mweupe. Usiku majini, kila mara Ekeno akitaka kutazama betri zake, angewapofusha watu wote wa boti.

Kitu cha kwanza alichohisi Akidor kilikuwa furaha. Njambi amekosea. Yule anayejua kila kitu amechagua vibaya.

Cha pili kilikuja taratibu, na kilikuwa baridi. Ewesit hakuuawa na upepo. Walikuwa wanarudi kutoka kisiwani, maji yanaingia kidogo, na mjomba wao akawasha karabai ili atafute kopo la kuyachota. Ilikuwa kwa muda mfupi tu. Baba yake, aliyeshika usukani, alisema baadaye kwamba aliiona ile karabai, na baada ya hapo hakuona kitu tena, wala mawe, wala maji, wala mikono yake mwenyewe. Mawe waliyagonga. Wengine wote walifika ufukweni, na Ewesit hakufika.

Akidor aliirudisha tochi mkobani. Ekeno aliporudi, alikuwa na nafasi ya kusema, na hakusema. Kesho yake pia hakusema. Aliogopa jambo dogo sana, hata yeye mwenyewe aliliona ni dogo: akimwambia, Ekeno atarudi dukani kubadilisha. Watafunga tena ule mlango. Watakaa tena gizani wakingoja macho, na atacheka tena kile kicheko. Kila alipofungua mdomo, picha hiyo ilikuja, akaufunga. Alijiambia atasema jioni. Jioni alijiambia asubuhi.

Lori la bidhaa lililokuwa limpeleke Ekeno lilipangiwa kuondoka Ijumaa. Alhamisi asubuhi Akidor aliota baba yake, hasemi kitu, amempa mgongo. Aliamka, akangoja Ekeno atoke kwenda kuaga wazazi wake, akaichukua tochi na kwenda dukani.

Njambi alikuwa anapanga soketi. Akidor aliiweka tochi juu ya kaunta.

"Habari ya asubuhi, Mama Irungu. Hii haifai."

"Nzuri, Mama Jane. Haifai namna gani?"

Akidor alimweleza. Njambi hakubisha. Aliivaa, akaikinga kwa kiganja, akabonyeza, akauona mweupe. Sura yake ilibadilika.

"Nilimwambia achukue ile nyingine," alisema kwa sauti ya chini. "Alipenda mkanda wa hii. Lakini kosa ni langu, mimi ndiye nimeuza. Ningemponza huyu mtu."

Akidor alilisikia lile "huyu mtu", likamchoma. "Kwa nini alikuja kukuuliza wewe mambo ya ziwa?"

Njambi aliivua tochi kichwani. "Alisema nyumbani kwenu ziwa halitajwi. Aliogopa kukuumiza. Alinieleza habari ya kaka yako."

Akidor alishika ukingo wa kaunta. Mlango uliofungwa aliweza kuumeza. Kicheko pia, kwa shida. Lakini Ewesit alikuwa wake. Ekeno alikuwa amelichukua jina lile alilolitunza kwa kutolitamka, akaja kulitamka hapa, katikati ya waya na balbu.

"Aliniambia kidogo tu," Njambi alisema.

"Hata kidogo ni kingi." Akidor alivuta pumzi. "Zilete zote ulizo nazo. Nitachagua mimi."

Njambi alifunga mlango wa mbele, akabeba kikapu cha tochi, wakaingia stooni. Safari hii gunia liliziba vizuri. Wakaketi kwenye mifuko ya saruji, mahali palepale, na giza likawafunika mpaka Akidor hakuona hata goti lake.

"Tungoje," alisema.

Walingoja. Nje ng'ombe wa mtu walipita, kengele zikififia upande wa soko. Katika giza ni vigumu kukaa na mtu kimya, na Njambi ndiye aliyeshindwa kwanza.

"Mama Jane. Hujaniuliza unachotaka kuniuliza."

"Basi nijibu bila kuulizwa."

Halafu Njambi alisema, "Hakuna kitu kimetokea. Hajawahi kunishika hata mkono. Lakini nikisema simpendi nitakuwa nadanganya. Tangu Ndegwa afariki, yeye ndiye mtu pekee anaingia hapa akiniita jina langu. Hajui, na mimi sitamwambia."

Akidor alikuwa ameisubiri sentensi hiyo kwa muda mrefu, akidhani siku atakayoisikia atavunja kitu. Sasa hakukuwa na cha kuvunja. Alifikiri jinsi ilivyo kuitwa mama ya mtu mji mzima, mtu mwenyewe ameshahama, na kurudi jioni kwenye nyumba ambayo hakuna anayekuita chochote. Akamwonea huruma kidogo, na wivu haukupungua hata chembe. Vyote viwili vilikaa ndani yake kama wageni wasiosalimiana.

"Macho yangu yamefunguka," alisema hatimaye. "Nipe ya kwanza."

Walizijaribu moja moja. Moja ilikuwa na mwekundu mkali kupita kiasi, akaikataa. Mwekundu mkali nao huharibu. Nyingine kitufe chake kilikuwa kidogo kama punje, na mikono yenye maji haiwezi kukitafuta. Nyingine haikuinamika, ungemmulika usoni kila unayeongea naye. Mwisho Njambi alimpa moja nzito kidogo, ina vitufe viwili vilivyoachana, kimoja cha mweupe na kimoja cha mwekundu, na cha mwekundu kilikuwa na vinundu vya kupapasa. Akidor aliizima, akangoja, akaiwasha. Mwekundu. Akangoja zaidi, akaiwasha tena. Mwekundu tena, hafifu, unaotosha kuona vidole vyako na si zaidi. Ilikuwa na kifungio cha kuzuia isijiwashe mkobani.

Alitoa mfukoni kipande cheupe cha sare alichokuwa akitarizi jina la shule kwa uzi mwekundu. Chini ya mwanga ule herufi zote zilitoweka, kitambaa kikawa kitupu.

"Angalia," alisema, akiwa amesahau kwa muda anaongea na nani. "Wakiandika kitu kwa wino mwekundu kwenye ramani yao, hawatakiona."

"Hiyo sikuisoma," Njambi alisema.

"Hiyo ataambiwa na mimi."

Jioni ile, Jane akiwa amelala, Akidor alimwekea Ekeno tochi mpya mbele yake na kumwambia imetoka wapi. Kisha alizima taa ya nyumba, akamketisha.

"Usiivae juu ya paji ikitazama mbele. Iinamishe. Mtu akikuita, izime kwanza ndipo ugeuke. Ikibidi uwashe nyeupe, sema kwa sauti ili wote wafumbe macho, na wewe fumba jicho moja, hilo ndilo litakusaidia baadaye. Na mshika usukani usimkaribie na taa yoyote. Yoyote, Ekeno."

Alikuwa hajamwita hivyo kwa muda mrefu. Kila siku alikuwa Baba Jane.

"Haya yote ulikuwa unayajua?" Ekeno aliuliza.

"Hukuniuliza."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi, ukaenda kumpa mtu mwingine kaka yangu."

Akidor alimweleza mwenyewe, tangu mwanzo, habari ya karabai na mjomba na mawe, mambo ambayo hata yeye Ekeno alikuwa hajawahi kuyasikia yote. Alimweleza pia kwamba alikuwa ameijua kasoro ya tochi ya kwanza tangu Jumapili na akanyamaza.

"Kwa nini?" Ekeno aliuliza.

"Kwa sababu ungerudi kule."

Alingoja akasirike. Ekeno akasema hatarudi kule bila yeye. Maneno yaliyosemwa na Njambi gizani Akidor hakuyatoa. Hayakuwa yake kuyatoa, na pia, kusema kweli, hakutaka mumewe awe nayo.

Ekeno aliondoka na lori. Habari zilikuja baada ya siku kadhaa, simu ikiwa na upepo mwingi ndani yake. Alitapika usiku wa kwanza hata nahodha akamfunga kamba kiunoni asije akaanguka. Usiku wa pili alitapika kidogo. Tochi ilikuwa nzuri. Mwenzake mmoja aliwasha ya kwake nyeupe karibu na kisiwa na nahodha alimfokea mpaka akaitupa majini. Sasa wote wanataka kama ya Ekeno.

"Mwambie Nja..." alisema, akajishika. "Mwambie Mama Irungu atume nne."

"Nitamwambia," Akidor alisema. "Na ukingo wa kisiwa, unauona?"

"Nikiuweka mji mgongoni, nauona."

Alikwenda dukani kesho yake. Kabla hajasalimu, Njambi aliuliza, "Yuko salama?"

Aliuliza haraka mno, na mkono wake ulikuwa umesimama juu ya kitabu cha risiti. Akidor aliona vyote viwili, na ule moto wa zamani ukampanda kifuani kama kwamba haukuwahi kushuka. Angeweza kusema ndiyo tu, aagize, aondoke.

"Yuko salama," alisema. Kisha akaongeza, "Ametapika mpaka wakamfunga kamba."

Njambi alicheka. Akageukia rafu kutafuta tochi, akakaa amegeuka hivyo kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika kutafuta tochi nne. Akidor hakumharakisha. Alisimama akitazama barabara, ambako mama mmoja alikuwa anashusha madumu ya maziwa ya ngamia kutoka kwenye gari.

"Ziko mbili tu," Njambi alisema aliporudi. Uso wake ulikuwa mkavu. "Nyingine nitaagiza."

"Zikija niite mimi nizichukue. Na vifaa vyake vya pampu pia, kuanzia sasa, ni mimi."

Njambi alimtazama, naye Akidor hakuyakwepesha macho yake.

"Sawa," Njambi alisema. "Nitakuita wewe."

Akidor alizitia tochi mbili kwenye kapu lake. Alipofika mlangoni alisimama, akageuka nusu.

"Ile nguo ya kijani," alisema. "Pindo limekwenda upande. Niletee, nitalinyoosha."